Katani ya Tanga na Kamba za Ng'ambo

Kabla mkonge haujaonekana popote Afrika Mashariki, mwambao wa Pangani ulikuwa umekwisha kuzoea kuishi kwa kutegemea soko la mbali. Misafara ya bara ilishuka hapo na pembe za ndovu, na kandokando ya mto kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa kwa jasho la watumwa. Mwaka 1888 watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, walisimama dhidi ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki iliyokuja kutwaa forodha na ardhi. Desemba 1889 Abushiri akanyongwa papo hapo Pangani. Ardhi ikawa ya Kampuni, lakini Kampuni haikujua iipande nini. Ilijaribu pamba huko Kikogwe, karibu na mdomo wa mto, na haikupata ilichotarajia. Kahawa ya milima ya Usambara nayo iliwavunja moyo walowezi wengi. Utawala mpya ulikuwa na bunduki, bandari na deni, ila haukuwa na zao la kuulipia gharama zake.

Zao hilo lilitoka Mexico. Katika rasi ya Yucatán, wenyeji wa Kimaya walikuwa wamesokota kamba kwa singa za mimea ya jamii ya mkonge tangu zama za kale, na bandari ndogo ya huko iliyoitwa Sisal ndiyo iliyolipa zao hilo jina lake katika lugha za Ulaya. Katika miaka ya 1830 Henry Perrine, balozi mdogo wa Marekani aliyekuwa Campeche, alipeleka miche Florida, na ikaota huko kama gugu. Ni kwa mlango huo wa Florida kwamba mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, alifanikiwa mwaka 1893 kupata miche 1,000, kwa kuwa wakuu wa Yucatán walilinda mbegu yao kwa wivu mkubwa. Miche mingi ilikufa njiani. Iliyofika hai na kupandwa Kikogwe ilikuwa 62 tu, na mashamba makubwa yaliyokuja kuenea Tanga, Korogwe, Muheza, Morogoro, Kilosa na Lindi, na hata kuvuka mpaka kuingia Kenya, yanarudisha nasaba yao kwenye miche hiyo.

Tabia ya mmea huu inapaswa kueleweka mapema, maana ndiyo iliyoamua mengi yaliyofuata. Jani la mkonge ni zito, limejaa maji, na katani inayopatikana ndani yake ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wake. Hakuna anayeweza kuyasafirisha majani mabichi hadi Hamburg au London. Ni lazima yapondwe na kukwaruzwa karibu na yalipokatwa, siku moja au mbili baada ya kukatwa, kwa mtambo mkubwa unaohitaji injini na maji mengi. Mtambo huo Wajerumani waliuita Korona, na watu wa Tanga wanauita korona hadi leo. Kwa hiyo mkonge, tofauti na karafuu au kahawa ya mkulima mdogo, ulikuja na kiwanda chake. Kila shamba kubwa lilikuwa na reli nyembamba ya kubebea majani, karakana, mafundi wa vyuma, nyanja za kuanikia katani, mashine za kuipiga brashi na mashinikizo ya kufungia marobota. Kama kuna zao la Afrika Mashariki lililostahili kuzaa viwanda, lilikuwa hili. Ajabu ya historia yake ni kwamba kwa muda mrefu viwanda vilikomea kwenye robota.

Enzi ya Wajerumani iliweka mifupa ya uchumi huo. Ujenzi wa reli kutoka Tanga ulianza 1893, mwaka uleule wa miche ya Hindorf. Ulifika Korogwe 1902 na Moshi 1911. Mwanzoni mwa karne, walowezi wengi walipenda zaidi mpira kuliko mkonge, na mpira ulilipa vizuri hadi mashamba ya Asia yalipofurika sokoni na bei ikaporomoka mwaka 1913. Mkonge ulisalia. Mwaka huo koloni liliuza nje tani zipatazo 20,000 za katani, na zao hilo likawa la kwanza kwa thamani. Upungufu mkubwa ulikuwa wa watu. Wenyeji wa Tanga walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kuyaacha, basi serikali ikatumia kodi na kipande: kadi ya siku za kazi ambayo mtu alitakiwa kuijaza ndipo alipwe. Kipande cha siku 30 kilipita kutoka mkono wa Mjerumani hadi wa Mwingereza, na kikaendelea kuwa kipimo cha maisha ya mashambani muda mrefu baada ya waliokianzisha kuondoka.

Novemba 1914 vita vilifika Tanga penyewe, na vilipomalizika Ujerumani ilipoteza koloni. Tanganyika ikawekwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, ikitawaliwa na Uingereza, na mashamba ya Wajerumani yakapigwa mnada kama mali ya adui. Wanunuzi walikuwa wa aina nyingi: makampuni ya Waingereza, Wagiriki, Waswisi, na wafanyabiashara wa Kihindi, miongoni mwao ukoo wa Karimjee Jivanjee ambao mizizi yake ilikuwa Zanzibar. Kubadilika kwa wenyewe hakukubadili mwendo. Katani iliendelea kwenda Ulaya na Marekani, ambako ilisokotwa kuwa kamba za meli na, zaidi ya yote, nyuzi za kufungia ngano na nyasi za mifugo. Mkulima wa Kansas alipovuna, shamba la Ngomeni lilipata soko. Ukame ulipompiga, Ngomeni walijua bila kusoma gazeti.

Katika miaka ya 1930 lilitokea jambo dogo kwa ukubwa wake lakini zito kwa maana yake, nami naona halizungumzwi vya kutosha katika masomo yetu ya historia. Mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umeishusha bei ya katani kiasi kwamba baadhi ya mashamba hayakuweza kulipa mishahara. Katika dhiki hiyo lilizuka wazo la kawaida kabisa: kusokota kamba na nyuzi Tanga kwenyewe, na kuuza kitu chenye thamani kubwa zaidi. Kiwanda kilianzishwa, kikafanya kazi, na bidhaa zake zikafika Uingereza kwa bei iliyowashinda watengenezaji wa huko. Watengenezaji hao hawakukaa kimya. Walipeleka malalamiko yao London, wakidai kwamba koloni halina haki ya kushindana na viwanda vya nchi mama, na Wizara ya Makoloni iliwasikiliza wao. Kiwanda kilibanwa kipandishe bei, kikapoteza faida pekee kilichokuwa nayo, na kabla Vita vya Pili vya Dunia havijaanza kilikuwa kimefungwa. Sheria ya kukikataza haikutungwa. Hilo ndilo la kutazamwa: sera ya viwanda ilikuwapo tangu ukoloni, ila ilikuwa sera ya viwanda vya Uingereza, na Tanganyika ilipewa nafasi yake ndani yake kama mtoa malighafi.

Kadiri kiwanda kilivyozuiwa, ndivyo mauzo ya malighafi yalivyochochewa. Mkesha wa vita Tanganyika ilikuwa ikiuza takriban tani 100,000 kwa mwaka. Mwanzoni mwa 1942 Wajapani waliteka Ufilipino na Java, wakaukata mkondo wa nyuzi ngumu za Asia, na ghafla majeshi ya majini ya Uingereza na Marekani yakalazimika kuitegemea sana Afrika Mashariki. Serikali ya Uingereza ilinunua katani yote kwa bei iliyojipangia yenyewe. Ili majani yakatwe, wanaume walichukuliwa kwa amri, na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuandikisha vibarua, SILABU, iliyofungua kambi zake kuanzia Kigoma hadi Songea. Waliokuja waliitwa manamba, kwa sababu walijulikana kwa namba kabla ya kujulikana kwa majina: Waha, Wangoni, Wabena, Warundi, Wamakonde kutoka Msumbiji. Walisafirishwa kwa malori na mabehewa, wakapangwa kwenye kambi, wakapewa posho ya unga na maharage, na wengi hawakurudi kwao. Vijiji vingi vya Korogwe na Muheza vyenye koo za makabila ya mbali vilianza hapo. Kiswahili cha mashambani, kilichounganisha watu wasiofahamiana, ni moja ya matunda ya mkonge ambayo hayakuwahi kuandikwa kwenye hesabu za bandari.

Kisha ukaja utajiri. Vita vya Korea vilipoanza 1950, mataifa makubwa yalijaza maghala yao, na bei ya katani ikapaa. Mwaka 1951 mkonge ulileta zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zote zilizouzwa nje na Tanganyika. Tanga ulikuwa mji wa magari mapya, vilabu na majumba ya ghorofa. Katika kituo cha utafiti cha Mlingano, wataalamu walikuwa wamezalisha mkonge chotara uliojulikana kwa namba 11648, wenye majani mengi maradufu kuliko mkonge wa kawaida. Lakini fedha ya miaka hiyo haikujenga viwanda vya kamba. Mwenye shamba aliyepata faida kubwa kwa kuuza robota hakuona haja ya kujihangaisha na nyuzi, na serikali ya kikoloni iliyokusanya kodi ya kuridhisha haikuona haja ya kumsukuma. Bei ilipokuwa chini miaka ya 1930 nia ilikuwapo na ruhusa haikuwapo. Ilipokuwa juu miaka ya 1950 mtaji ulikuwapo na nia haikuwapo. Mwenendo huu ungerudi tena.

Mabadiliko yaliyokuja kabla ya uhuru yalikuwa ya wafanyakazi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 chama cha wafanyakazi wa mashambani kiliongoza migomo mikubwa; ule wa Mazinde wa 1958 ulidumu zaidi ya miezi miwili. Mishahara ilipanda, familia zikaruhusiwa kukaa kambini, na baada ya uhuru wa 1961 uandikishaji wa manamba ukakoma. Wenye mashamba waliitikia kwa kupunguza vibarua na kutaka kila mtu akate zaidi. Taifa jipya likajikuta limerithi zao lenye nguvu kuliko wakati wowote. Mwaka 1964 uzalishaji ulikaribia tani 230,000, kiasi ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla wala baada, na Tanzania ikawa ya kwanza duniani. Mpango wa Miaka Mitano ulioanza mwaka huo ulijengwa juu ya matumaini kwamba katani itaendelea kulipa.

Lakini adui alikuwa amekwisha kuzaliwa maabara. Mwaka 1954 Giulio Natta wa Milano alikuwa amepata plastiki iitwayo polipropilini, na miaka mitatu baadaye Italia ikaanza kuitengeneza kiwandani kutokana na mabaki ya mafuta ya petroli. Kamba yake haiozi, ni nyepesi, na bei yake ilishuka kila mwaka. Brazil nayo, ambako wakulima wadogo wa jimbo la Bahia walipanda mkonge katika ardhi kavu isiyofaa kitu kingine, ilikuwa ikiongeza mauzo kwa gharama ndogo. Baada ya 1964 bei ilianguka vibaya. Mwaka 1967 nchi zinazouza zilikaa chini ya mwavuli wa FAO na kukubaliana kugawana viwango vya mauzo, lakini makubaliano yale hayakudumu. Katika hali hiyo, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, serikali ilitaifisha sehemu kubwa ya mashamba. Ni kawaida kusema kwamba utaifishaji uliua mkonge. Nadhani hukumu hiyo ni nusu ya kweli. Wenye mashamba walikuwa wameanza kuacha kupanda upya kabla ya kutaifishwa, na mmea unaoishi miaka kumi na kitu haudanganyi: shamba lisilopandwa leo litaonyesha pengo lake baada ya muongo mmoja. Serikali ilinunua mashamba yaliyokuwa yakizeeka, kwa bei ya enzi za ujana wake.

Hata hivyo, nusu nyingine ya hukumu haiwezi kukwepwa. Shirika la umma lililokabidhiwa mashamba liliyaendesha kwa maagizo kutoka juu, vipuri vya korona vilisubiri fedha za kigeni ambazo hazikuwapo, na shilingi iliyothaminiwa kupita kiasi ilimaanisha kwamba kila robota lililouzwa lilileta fedha kidogo nyumbani. Bei ya katani ilipopanda mwaka 1974, baada ya petroli kupanda na plastiki kupanda nayo, mashamba hayakuwa na majani ya kutosha kuvuna bahati hiyo. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, sera ya taifa ilikuwa upande wa kiwanda. Kamba zilisokotwa Tanga na Ngomeni, na mwaka 1975 nchi iliingia katika Mkakati wa Viwanda vya Msingi, uliokusudia kwamba nchi itengeneze yenyewe mahitaji yake ya lazima. Ulikuwa mkakati wa heshima, wenye kulenga jambo sahihi. Tatizo lake kwa upande wa mkonge lilikuwa la wakati: viwanda vya nyuzi vilipata nguvu pale soko la nyuzi za kufungia mazao lilipokuwa likihamia kwenye plastiki, na malighafi iliyopaswa kuvilisha ilikuwa ikipungua. Mexico ilipita njia hiyohiyo. Shirika lake la Cordemex, lililotwaliwa na serikali mwaka 1964 kwa nia ya kuiokoa katani ya Yucatán kwa viwanda vya dola, lilifungwa mwaka 1991.

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na mshtuko wa pili wa petroli vilimaliza akiba iliyokuwa imebaki. Kufikia 1980 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 90,000. Kufikia 1990 ulikuwa takriban tani 33,000. Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ikashushwa thamani na biashara ikafunguliwa. Kwa mazao mengine mlango huo ulileta nafuu ya haraka. Kwa mkonge haikuwa hivyo, kwa sababu kushuka kwa shilingi hakurudishi shamba lililogeuka msitu. Mashamba ya umma yaliuzwa, na kilele chake kilikuwa mwaka 1998, biashara ya lililokuwa shirika ilipoingia mikononi mwa Katani Limited. Mwishoni mwa muongo huo nchi nzima ilitoa tani zipatazo 20,000, kiasi kilekile cha 1913. Korogwe nyumba za kambi zilibaki bila ajira ya kuzihudumia, na wajukuu wa manamba wakaanza kulima mahindi kati ya mistari ya mkonge uliokufa.

Kipindi kilichofuata kina mambo mawili ambayo enzi zote zilizotangulia hazikuwa nayo. La kwanza ni mkulima mdogo. Tangu 1999 mashamba matano ya wilaya ya Korogwe, yaani Hale, Mwelya, Magoma, Magunga na Ngombezi, yaligawanywa kwa wakulima waliokuwa wakilima vipande vyao na kupeleka majani kwenye korona ya kampuni. Kwa zaidi ya karne moja iliaminiwa kwamba mkonge hauwezekani bila shamba kubwa na bwana shamba. Brazil ilionyesha vingine, na Korogwe ikathibitisha. Migogoro juu ya malipo na makato ilikuwa mikali, na serikali ililazimika kuingilia, lakini hakuna anayedai tena kwamba mtu mwenye hekta chache hawezi kutunza mkonge. La pili ni kutazama kile kilichokuwa kikitupwa. Mto Pangani na vijito vyake vilipokea mabaki ya majani kwa miaka mia. Huko Hale ulijengwa mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa gesi na umeme, na ingawa ulikuwa mdogo, ulibadili swali: zao lisihesabiwe kwa singa peke yake.

Soko nalo limehama. Nchi za Ghuba, Saudi Arabia hasa, hununua katani kuimarisha jasi ya dari na kuta. Uchina ndiyo mnunuzi mkubwa, na hapa historia inauma kidogo. Mkonge unaolimwa Guangxi na Guangdong ni ule chotara 11648 wa Mlingano, uliopelekwa huko katika miaka ya 1960. Wachina waliuendeleza, wakajenga viwanda vya mazulia, vitambaa vya kung'arishia vyuma na nyaya za lifti zenye kiini cha katani, kisha mahitaji yao yakapita mavuno yao, wakarudi Tanga kununua marobota. Mbegu ni yetu, utafiti ulifanywa kwetu, na hatua ya kutoka singa hadi bidhaa ilifanywa kwingine. Wakati huohuo, marufuku ya mifuko ya plastiki, iliyoanza Rwanda 2008, Kenya 2017 na Tanzania Juni 2019, ilitarajiwa kufungua soko la nyuzi za asili. Mifuko mbadala iliyojaa madukani, hata hivyo, mingi ilikuwa ya polipropilini isiyofumwa, kitu kilekile kilichouangusha mkonge miaka ya 1960. Sheria iliyozuia bidhaa moja haikuwa imeandaa kiwanda cha kutengeneza nyingine.

Leo mkonge umo katika orodha ya mazao ya kimkakati ya taifa. Kassim Majaliwa, alipokuwa Waziri Mkuu, alifika Tanga mara kadhaa kulisukuma zao hilo, Mlingano inazalisha miche kwa wingi, na lengo lililotangazwa lilikuwa tani 120,000 ifikapo 2025, wakati uzalishaji wa mwanzoni mwa muongo huu ulikuwa takriban theluthi moja ya kiasi hicho. Wakulima wameitikia upande wao: ardhi iliyokuwa imeachwa imepandwa, na mkonge uliopandwa mwaka huu utaanza kukatwa baada ya miaka mitatu na kuendelea kukatwa kwa karibu miaka kumi. Kilio chao cha kila msimu ni korona. Mitambo ni michache na mingi ni ya zamani, majani hayasubiri, na mwenye mtambo ndiye anayeamua ni nani akate lini na abaki na nini. Swali lililoulizwa Tanga katika miaka ya 1930 na kuzimwa London, yaani singa iishie wapi na nani aisokote, sasa liko mikononi mwa Dodoma, vyama vya ushirika na wawekezaji, nao hawana Wizara ya Makoloni ya kuwazuia. Fedha zinazotengwa kwa ajili ya miche zinajulikana na zinasifiwa. Zinazotengwa kwa ajili ya korona mpya, viwanda vya kusokota na mafundi wa kuviendesha ndizo ambazo wakulima wa Korogwe wanazisubiri.